Kiti Alichoniachia Mkwe Wangu

S.L.P. 214,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini wewe na shemeji hamjambo, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua. Presha yangu imetulia. Nameza vidonge kila adhuhuri bila kukosa. Anayelipia utulivu huo ni mwingine.

Unamjua mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pili, fundi cherehani. Alikuwa na kibanda kizuri karibu na kituo cha mabasi. Nilipougua, alikifunga, akahamishia cherehani sebuleni ili awe karibu nami saa ya dawa. Sikumshukuru. Niliona ni wajibu wake.

Hapa ndani hana rafu. Akishakata nguo, huweka vipande juu ya viti, kila kiti na mteja wake. Mwezi uliopita, alipompeleka mtoto kliniki, nilikosa pa kukaa. Nikapandwa na hasira, nikakunja vipande vya viti vyote vitano, nikavitia katika gunia moja.

Vilikuwa vya magauni ya wasimamizi wa harusi: kitambaa kimoja, vipimo mbalimbali. Alikaa sakafuni siku mbili akivilinganisha, mtoto mwenye homa yuko mgongoni. Siku ya kujaribu, mkono mmoja wa gauni ulifika kiganjani, wa pili ukaishia kwenye kiwiko. Shangazi wa bibi harusi, aliyekwisha kusikia habari za gunia, akanigeukia: "Mzee, kumbe nawe ni fundi! Basi tuiahirishe harusi hadi mkono huu ukue." Walicheka wote, isipokuwa mkwe wangu na mimi.

Hakunilaumu. Laiti angenilaumu! Alisema tu, "Samahani, Baba, nilikukosesha pa kukaa." Tangu hapo kiti kimoja hukiacha kitupu. Juzi nilimsikia akimrudisha mteja mlangoni: "Nisamehe, dada, sina nafasi." Nafasi yenyewe nilikuwa nimeikalia.

Nimemwambia arudi kibandani kwake. Saa najua kuisoma, na dawa nitameza mwenyewe. Hataki. Anadhani namjaribu.

Hapo nilikikumbuka kioo cha saluni yako, ulipokuwa ukiishi hapa nami, nilichokitoa barazani na kukificha stoo, nikisema wateja wako wanatuchafulia nyumba. Mwezi uliofuata ulihama. Kwa miaka thelathini na mmoja nimekuandikia habari za kila mtu, isipokuwa hiyo. Nilikukosea, Dada. Nisamehe.

Sasa nakuomba umwandikie mkwe wangu kwamba safari hii nasema kweli. Wewe atakuamini, kwa sababu unajua nilivyokuwa.

Msalimie sana shemeji, na wale mapacha wako, hata yule Mtundu ambaye hajajibu barua yangu. Mwenyezi Mungu awape afya na akuzidishie subira, maana kwangu umeitumia nyingi.

Nimeandika haya nikiwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na mlango. Kiti kipo palepale, kitupu. Bado hajaweka kitu juu yake.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na niliyechelewa,
Mwalimu.