Kabati la Wifi na Vyote Vilivyomo

Shoga, acha unachofanya. Wifi yangu, adimini wa grupu la soko, kaumbuka!

Si unaijua kanuni yake: wa kwanza kuandika "nachukua" kapata, muuzaji haruhusiwi kughairi. Juzi mjane mmoja wa humo aliuza cherehani ya marehemu mumewe, wifi akaiwahi; mjane akajuta, akamlilia amrudishie. Wifi akamjibu: "Kanuni ni kanuni, mama."

MBELE YA GRUPU ZIMA.

Leo kaka yangu, mumewe, kaweka picha ya kabati lao, kaandika "nauza na vyote vilivyomo". Mlango wazi, gauni la harusi la wifi linaning'inia!

Mjane: "Nachukua."

Wifi kaandika "jamani" mara tisa. Mjane kamjibu: "Kanuni ni kanuni, mama."

Unadhani nani alimpigia mjane simu awahi? Kaka asijue.