Baba, Nimechagua Kioo Kinachomwonyesha Doto

Baba yangu,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini ulinilea hivyo, siwezi kukuletea shida zangu kabla ya salamu. Sisi hapa Songwa tu wazima. Mama naye mzima, ila alininunia karibu mwezi mzima, na leo nataka kukueleza kwa nini.

Nimepata leseni, Baba. Mimi Kulwa, binti wa mtafuta nyayo, sasa ni mwindaji bingwa. Msimu huu nitaongoza wageni wanaokuja kuwinda nyati kambini kwenu, kule mbele ya Kahama, kwenye pori ulilolijua kuliko shamba lako la pamba. Na atakayetembea mbele yangu kufuata nyayo ni Doto. Ndiyo, pacha wangu. Ulimfundisha wewe mwenyewe, usije ukanilaumu mimi.

Mama alisema hapana. "Pori limeshanichukulia mume," alisema, anapepeta mtama, hanitazami. "Aende mmoja, mwingine abaki. Siwatoi wote wawili wafuatane kwenye mstari mmoja porini." Na yaliyokupata anayajua kama ninavyoyajua mimi.

Wewe hukuyasikia yaliyosemwa baadaye, kwa hiyo acha nikusimulie. Asubuhi ya siku ile kiongozi wenu alikuwa amempiga mnyama pofu kwa mbali, mbugani, na darubini ya bunduki yake ilikuwa imewekwa ikuze sana. Hakuirudisha kwenye namba ya chini. Mchana mgeni akamjeruhi nyati, mkamfuata kichakani, wewe mbele na fimbo yako, yeye nyuma yako. Nyati alipotoka, alikuwa karibu kama jiko letu na mlango. Kiongozi akainua bunduki akatazama. Hakujua analoliona ni bega au tumbo, wala hakujua wewe uko upande gani, kwa hiyo akachelewa kufyatua. Alikuja msibani akayasema mwenyewe mbele ya wazee, machozi yanamtoka: "Niliona weusi tu." Watu walimsamehe. Na mimi nilimsamehe. Lakini maneno yale matatu sijawahi kuyatoa kichwani.

Unakumbuka ule mchezo wetu wa bua la jani la mpapai? Msimu ukiisha ulikuwa unashuka kwenye lori pale Isaka, unanuka moshi, una gunia la nyama kavu, na soksi yako ya majivu inaning'inia kiunoni. Sisi tulidhani ile soksi ni dawa ya wachawi, kumbe unaipiga tu kidogo ili majivu yakuonyeshe upepo unakoelekea. Kesho yake alfajiri unatuamsha kwa salamu ya asubuhi ya kwetu: "Mwangaluka! Wawindaji bado wamelala?" Unakata bua la mpapai, lile lenye uwazi katikati, unanipa nichungulie.

"Unamwona yule ng'ombe mwekundu?"

"Namwona."

"Na mdogo wako yuko wapi?"

Sikujua. Doto alikuwa amesimama kando ya pembe za ng'ombe huyo huyo, ananitolea ulimi. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Fungua na jicho la pili, mama. Jicho moja ni la kuchungulia chungu cha jirani. Mnyama usimhangaikie, atakuja mwenyewe. Wewe mtafute mtu."

Lakini kuna mahali tunabishana, Baba, na nitabishana nawe hata huko uliko. Ulipenda kusema kwamba kioo juu ya bunduki ni cha mtu mvivu wa kunyata. Si kweli. Jioni, nyati mweusi akiwa kwenye kivuli cheusi, ile ncha ya chuma ya kulengea mbele ya mtutu inamezwa na giza, na risasi ikienda kombo ni ninyi watafuta nyayo mnaotangulizwa kumfuata aliyejeruhiwa. Nilitaka darubini. Kazi ilikuwa kuchagua ipi.

Bosi wa kambi alinipa moja iliyoachwa na mgeni, ndefu kama mchi. "Hii inavuta mpaka unaona kope za mnyama," akasema. "Wageni wanapenda kumwona kiongozi ana kifaa." Nikamwambia sitafuti kope. Akaniambia niende nayo nyumbani nikaifikirie vizuri, kwa sauti ile ya bosi ambaye ameshafikiri kwa niaba yako.

Nikaenda na Doto duka la bunduki Mwanza. Muuzaji naye akaleta kubwa kwanza. Alikuwa na kovu la mwezi mchanga juu ya nyusi, nikamwuliza nani alimpiga. Akacheka: "Bidhaa yangu mwenyewe, dada. Bunduki ilirudi nyuma, darubini ikanigonga." Tangu hapo tulielewana. Nikamwomba fupi, yenye msalaba mnene wa kulengea unaoonekana gizani, inayokubali jicho likae mbali nayo, na ambayo ukiizungusha mpaka namba ya chini kabisa haikuzi kitu, unatazama macho yote mawili wazi kama mtu anayetazama barabara. Doto akatoka nje akawa anatembea kuja kwangu, watu wanamshangaa. Nilimwona yeye, nikamwona na mama muuza ndizi aliyekuwa anampisha. Nikainunua.

Jumapili tulipotoka kanisani nikamwita Mama uani. Nilikuwa na darubini zote mbili, hazijafungwa kwenye bunduki, usiwe na wasiwasi. Nikamwambia Doto aende zizini, kisha aje mbio kama nyati. Unamjua mwanao, hafanyi kitu nusu. Alikuja na mikono kichwani kama pembe, anakoroma, mbuzi wanatawanyika.

Mama alikuwa ameshika kwanza ile ya bosi. "Mbona giza?" akauliza.

"Ni shati la Doto, Mama."

Akaishusha. Nilijua amesikia tena ile sauti ya msibani. Niliumia kumwona vile, lakini sikumwondolea uchungu ule. Nikampa ile fupi, nikamwambia asifumbe jicho. Doto akarudi zizini, akaja tena.

"Namwona," alisema. Kisha kwa sauti ya juu zaidi: "Namwona kichwa mpaka miguu! Na yule mbuzi wa kamba nyuma yake, namwona!"

Hakusema nendeni. Mama yetu hasemi hivyo. Aliingia ndani, akaitoa soksi yako kwenye msumari nyuma ya mlango, mahali ilipokaa tupu tangu tulipokuzika. Akainama jikoni, akachekecha majivu kwa vidole vyake, akaijaza, akaifunga, akamkabidhi Doto. "Majivu ya mkaa ni mazito," akasema. "Haya ya kuni za kwangu yatawaambia ukweli." Doto aliipokea kwa mikono miwili. Mimi nilijifanya moshi umeniingia machoni.

Jumatatu tunaondoka. Ile ndefu namrudishia bosi, na akitaka kunikasirikia, anikasirikie. Bunduki nitakayoibeba mimi nyuma ya ndugu yangu haitakuwa na kioo cha kuonyesha weusi. Kila tutakapokaribia kichaka, mkono wangu utairudisha darubini chini kabla mguu haujaingia, na macho yote mawili yatakuwa wazi. Nyati usinitafutie. Mtu wangu najua alipo.

Nakupenda, Baba, na ninakukumbuka hasa alfajiri. Lala salama. Na siku ukituona tunakuja huko kwako, uzee ndio utakuwa umetuleta.

Binti yako,
Kulwa, anayetembea nyuma ya Doto