Azimio la Kupoza Pete ya Mkokoteni

Ndugu wanafunzi wa Mara, wapiganaji wenzangu katika vita dhidi ya ujinga! Wiki hii nilikusudia kumshambulia mkoloni mamboleo. Nimelazimika kumpumzisha, kwa sababu amejitokeza adui mwenye nguvu zaidi: andazi. Someni.

*

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana nimekwama, mimi ni Pelagia, kwetu ni Bukima, nasoma kidato cha nne hapa Musoma, na tangu mwalimu wetu wa fizikia ahamishwe tunajisomea wenyewe katika kikundi cha ujamaa, mwenyekiti wetu ni ndugu Ryoba, na humo kila swali hujibiwa kwa kura, mikono ikiwa mingi hilo ndilo jibu, na mtihani wa taifa unakaribia. Sasa tulipofika sura ya joto, shule ilikuwa imepewa kazi ya kutengeneza gurudumu la mkokoteni wa ng'ombe wa kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Butiama, ambako pamba imeshavunwa inangoja kupelekwa Bunda, na pete ya chuma ya kulivalisha gurudumu ikawa ndogo kidogo, nikasema tuipashe moto itapanuka, mwenzetu mmoja, Gati, akacheka akasema, "Dada, wewe hujapikaga? Andazi la tundu likiingia kwenye mafuta linavimba, tundu linaziba! Na chuma ni hivyo hivyo," watu wakapiga makofi, ikapigwa kura, nikabaki peke yangu, ikaazimiwa pete ipozwe ziwani ili tundu lifunguke, wakaizamisha pale Makoko, wakaitoa, wakaipigilia kwa nyundo mpaka gurudumu likapata ufa, na badala ya kuuliza kulikoni wakaazimia kwamba maji hayakuwa baridi ya kutosha, tungoje masika. Nilipopinga, Ryoba akasimama, "Wewe Pelagia tunakujua, sisi wote tunasema tundu linapungua, wewe peke yako unasema linaongezeka, hiyo siyo fizikia, huo ni ubepari!" na sasa Jumamosi natakiwa nijikosoe mbele ya kikundi, nikikataa nafukuzwa, na kitabu cha fizikia shule nzima ni kimoja tu, kimo mikononi mwa kikundi, je, nikiri kwamba tundu linapungua ili niendelee kusoma, au nishikilie ukweli nifeli mtihani?

*

Ndugu Pelagia, pole, tena pole sana. Si kila msichana wa Bukima hupata bahati ya kushuhudia chuma kikishindwa katika uchaguzi.

Nimeusoma ujamaa kwa bidii, na bado sijaona mahali palipoandikwa kwamba maumbile hungoja akidi ya wajumbe. Ujamaa ni kugawana jasho na mavuno. Haukuanzishwa ili tugawane kosa kwa usawa, kila mtu aende nyumbani na fungu lake. Mwambie ndugu Gati kwamba andazi huumuliwa na hamira, na chuma hakina hamira. Mwambie pia aikate pete hiyo kwa mawazo, ainyooshe iwe ukanda, aupashe moto. Ukanda utarefuka. Akiukunja tena, duara litakuwa kubwa kuliko mwanzo, na tundu lake pia.

Lakini nawe usijivike umalaika! Ulisema "itapanuka", ukaketi. Vipimo unavyo, umeviandika nyuma ya bahasha na kuviacha hapo kama mapambo. Ukweli usiopigiwa hesabu ni uvumi, na uvumi hauwezi kushindana na andazi la moto. Kisha unathubutu kuniuliza kama uukane ukweli upate kuazimwa kitabu! Utakisoma ujifunze nini, ikiwa hata lile ulilokwisha kulielewa unalitupa ziwani?

Shika kalamu. Gurudumu lina kipenyo cha sentimeta 100. Pete, kwa ndani, 99.6. Pengo ni 0.4. Kila digrii moja ya joto hukuza chuma kwa 0.000012 ya urefu wake, basi 99.6 mara 0.000012 ni takribani 0.001195. Gawanya 0.4 kwa hiyo: pete inahitaji kuongezewa joto la digrii 335 hivi. Ikianza kuwa nyekundu mmeshapita hapo, nayo itaingia bila matusi wala nyundo. Mkiimwagia maji baada ya kuivalisha, ndipo ubaridi utafanya kazi yake halali: pete itajikaza na kulibana gurudumu.

Kwa hiyo usijikosoe. Leo hii nenda kwa Mwalimu Mkuu umwambie kwamba kitabu cha shule kimegeuzwa fimbo ya mwenyekiti. Kilinunuliwa kwa jasho la wakulima wa pamba, si kwa kura za Ryoba. Mwombe pia seremala aunge ule ufa kabla ya Jumamosi. Siku hiyo andika hesabu ubaoni, kwa herufi kubwa, kisha nyamaza uuache moto uhutubie. Wakikufukuza baada ya hapo, watakuwa wanaifukuza pete iliyokwisha kuingia.

Nami nitakuwapo. Kikao ni Jumamosi, saa tisa alasiri, mbele ya karakana. Kila mjumbe aje na mzigo wa kuni. Koleo atashika mwenyekiti.