Nilitema Mate ya Mama Mukwe

Mpendwa Mama Generose, mushauri wetu wa redio, minye niko mama wa hapa Rugenge, naomba msaada kabla nyumba yangu haijabomoka, na jina langu usilitaje, tafadhali.

Mambo ni haya, mutoto wetu Jolie iko na ugonjwa wa kukosa pumzi, ule waganga wanaita asthme, na mama mukwe naye kifua kinampiga filimbi tangu ujana wake, tena dada yake alikufa na kansere ya matiti, basi watafiti wa laboratwari ya ng'ambo wakatuomba mate, kila muntu kwenye kichupa chake, mutoto, minye, mume wangu Gédéon na mama yake, ili watazame ndani ya mate ile alama ya urithi yenye kupitisha magonjwa toka kwa muzazi mpaka kwa mutoto. Mama mukwe akashtuka. "Mate yangu yapande ndege bila minye? Yakifika kwa mulozi je?" Lakini hakutaka wageni wamwone mwoga, akapokea kichupa vizuri, akanifuata nacho jikoni, akasema, "Binti yangu, tema weye. Siku ng'ombe zetu za mahari zilifika kwa baba yako kule Bwegera, ulishakuwa mutoto wa hapa. Mate yako na yangu iko mamoja." Mama Generose, ningejibu nini, kukataa si ingekuwa kukataa zile ng'ombe, nikatema, na kusema kweli nilifurahi, maana hajawahi kuniita binti yangu.

Sasa balaa! Kijana mumoja wa watafiti, asiyejua kufunga mdomo, alirudi akamwambia Gédéon kwamba mate yake na ya mama yake hayana undugu hata kidogo, eti mwenye kile kichupa cha mama ndiye aliyemzaa Jolie. Hilo la Jolie mume wangu hakulisikia tena, tangu hapo anasema yeye ni mutoto wa kuokotwa, ugali wa mama yake hagusi, na Jumamosi anaenda Nyakabere kwa wajomba kuuliza nani alimzaa. Nikifungua mdomo, mama mukwe ananikanyaga mguu chini ya meza. Nikisema, nitagombana naye maisha yote, nikinyamaza, mume anapoteza mama. Nifanye nini?

Mwenye Mate Mengi, Rugenge

Weye Mwenye Mate Mengi, pole sana, na shika adabu. Jina lako umelificha vizuri, kisha ukaandika la mume na la mutoto! Basi Rugenge nzima inajiuliza ni nani. Nimecheka mpaka fundi wetu akazima mikro. Sasa tuseme ya maana.

Ng'ombe ni heshima. Zilikufanya mutoto wa nyumba ile, hapo mama mukwe hakukosea. Lakini ng'ombe haziingii ndani ya damu. Weye umerithi kwa baba yako na mama yako wa Bwegera, na hata wangekukoa kwa mahari ya zizi zima, hilo lisingebadilika. Watafiti hawakuomba mate ya binti anayependwa. Waliomba ya yule mwenye kifua kibovu, wajue kama kinachombana yeye ndicho kinachombana Jolie, na kama kilichomuua dada yake bado kinatembea katika ukoo. Weye umewaonyesha ukoo mwingine. Siku moja atakayeumia kwa uongo huo ni mutoto wako mwenyewe.

Na weye Mama mukwe, najua unanisikia, toa mguu wako juu ya mguu wa mwenzio. Kuogopa si dhambi. Hata minye mate yangu siyagawi ovyo. Lakini una mdomo! Waulize yanaenda wapi, nani atayashika, na kazi ikiisha yatafanywa nini. Majibu yasipokupendeza, kataa mbele yao, ni haki yako.

Haya, binti, fanya hivi. Kaa na Gédéon leo, usingoje Jumamosi, umwambie yote, na lawama usimtupie mama peke yake, maana kinywa kilichotema ni chako. Kisha nendeni wote kwa watafiti, waambieni kile kichupa ni cha uongo. Yule kijana msemaji naye mumshitaki kwa mukubwa wake, siri za ukoo hazitangazwi mlangoni. Na kama unapika kwa makaa ndani anamolala Jolie, toa jiko lako la mbabula nje leo leo. Moshi haungoji laboratwari.

Gédéon atakasirika, mwache akasirike, ana haki. Akimaliza, mshike mkono umrudishe kwa mama yake. Huyo mama aliogopa walozi wamwibie mate, na sasa anajiibia mutoto mwenyewe. Inuka, nenda, ukamwambie Gédéon kabla ugali wa mama yake haujapoa.