Oda Iliyotoka Bila Mwenyewe

Anti yangu Rosebella,

Nimekupigia simu mara tatu tangu uende Mbale, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza zile betri kubwa tuliziweka rafu gani. Unanijibu, unaniuliza kama nimekula, tunaagana. Lile nililokusudia kusema hubaki na mimi. Kwa hivyo leo naandika. Kiswahili changu kisahihishe huko huko. Ulianza kukisahihisha nikiwa na miaka saba, nikikaa juu ya katoni za redio pale stoo kwa Baba, nikikusubiri umalize kazi ili unifikishe nyumbani.

Nakukumbuka ukiwa kwenye ile meza karibu na mlango wa stoo, simu begani, kalamu mkononi. Tangu saa mbili asubuhi hadi adhuhuri wenye maduka walipiga wakiagiza redio, tochi, balbu na pasi: Molo, Elburgon, Gilgil, Olkaria. Wengi hukuwahi kuwaona. Lakini ulikuwa ukifunika simu kwa kiganja na kumwambia Kiprono, mpakiaji wetu, "Huyu wa Olkaria akisema tochi, mpe zile za betri tatu. Watu wake wanaingia zamu ya usiku." Au, "Mzee wa Kariandusi anakohoa leo. Mfungie mizigo miwili midogo, atabeba kwa baiskeli." Nilidhani kila stoo duniani ina mtu kama wewe.

Kisha nikaenda chuo Nairobi, nikarudi mwaka jana na cheti changu cha kompyuta, na Baba akanipa stoo niibadilishe. Unakumbuka jinsi nilivyojivuna. Mwenye duka angetuma meseji yenye namba ya bidhaa na idadi. Simu tuliyounganisha na kompyuta ingeipokea. Programu ingeangalia kama mali ipo, ingepunguza hesabu, na printa ingetoa karatasi ya Kiprono ya kuchukulia mali kwenye rafu. Kazi iliyokula asubuhi nzima ikawa inaisha kabla chai haijachemka.

Ili hayo yawezekane, ulikaa nami wiki mbili ukinitajia kila kitu kilichokuwa stoo: jina lake, ukubwa wake, rafu yake, nani hukinunua na kwa nini. Nami nikivipa namba. Ulinipa vyote vilivyokuwa kichwani mwako, wala sikujiuliza wewe utabaki na nini.

Jambo moja tu tulibishana. Niliweka oda ya kudumu: mteja anayechukua mzigo uleule kila wiki, kompyuta imtolee yenyewe kila Jumatatu bila kuagiza.

"Na kama wiki hiyo hataki?" uliniuliza.

"Atatuma meseji ya kukataa."

"Na kama hawezi kutuma?"

"Kwa nini asiweze, Anti? Siku hizi kila mtu ana simu."

Ulirudi kwenye kiti chako ukaendelea kuifuta vumbi simu ambayo ilikuwa hailii tena kama zamani.

Sasa nije kwa Desemba. Baba aliona simu imenyamaza, akaniita ofisini. Alisema stoo haiwezi kumlipa mtu wa simu na kompyuta pia. Tukaandika barua kwamba kazi yako itakoma mwisho wa Januari. Alitaka iwe ya Kiswahili ili usiisome kupitia kwa mtu mwingine. Niliichapa mimi, kwa vidole vyangu. Baba akatia sahihi, akasema, "Wewe ndiye umemzoea, mpe wewe." Nikaitia kwenye droo yangu nikajiambia nitakupa baada ya sikukuu.

Baada ya sikukuu ukaja uchaguzi, na vurugu zilizofuata unazijua kuliko mimi, maana sisi tulijifungia nyumbani na wewe ulikuwa kule mtaani Kaptembwa. Tulipofungua tena, Januari ilikuwa imefika katikati. Ulikuja kwa miguu. Nikawasha kompyuta, na printa ikaanza kulia, isinyamaze. Ilikuwa ikitoa oda za Jumatatu zote tulizokuwa tumefunga. Kiprono akashika karatasi ya kwanza akaelekea kwenye rafu. Ukamzuia.

"Ngoja. Hii ni ya Elburgon. Barabara iko wazi?"

"Sijui, Anti."

"Basi kama hujui, weka chini."

Ulizikusanya karatasi zote, ukaketi, ukaivuta simu karibu. Siku hiyo nilikusikia ukifanya kazi ambayo sikuwa nimeiwekea namba. Hukumwuliza mtu oda. Uliuliza, "Mko salama? Watoto wako na wewe?" kisha ukasikiliza. Wengine walitaka tochi peke yake. Mmoja alilia, ukamngoja hadi akamaliza. Kila aliyepokea ukamtilia alama. Mwisho ikabaki karatasi moja: Mwaura wa Kuresoi, redio nne, betri katoni mbili, taa za kandili sita. Simu yake ilikuwa imezimwa.

Kiprono, ambaye kwao ni upande huohuo, kule majirani walikochomeana nyumba, alisimama nayo mkononi bila kumwangalia mtu. "Hii nayo niifanyie nini?"

"Niwekee hapa kwa meza," ukasema taratibu.

Siku tatu ulipiga. Siku ya nne ukaniambia nichukue pikapu ya Baba twende uwanja wa maonyesho, kule waliokimbia mashamba walikowekewa mahema. Njiani nikakuuliza Mwaura anafanana vipi.

"Sijui. Tumeongea miaka kumi na moja, sijawahi kumwona."

"Sasa tutamjuaje?"

"Si ataongea."

Tulizunguka yale mahema tukiuliza watu wa Kuresoi, na walikuwa wengi. Tulipata akina Mwaura wawili. Uliwasalimu, wakaitikia, ukawashukuru, tukapita. Jua lilikuwa limeshakuwa kali tulipofika kwenye foleni ya maji. Kulikuwa na mwanamume mwenye koti refu lisilo lake, akimpisha mama mmoja mwenye mtungi. "Mathe, tangulia wewe," alisema. "Mimi niko na siku nzima."

Ulisimama. "Ni yeye."

Ukaenda mbele yake ukasema vile ulivyokuwa ukipokea simu, "Hapa ni stoo, nikusaidie na nini?"

Akaweka jerikeni chini. Akakutazama toka kichwani hadi miguuni. "Rosebella? Kumbe uko mfupi hivi."

Mlicheka nyote wawili, kisha yeye akaacha kucheka. Alisema duka limeungua na nyumba imeungua, simu ilibaki ndani. Mke na watoto walikuwa kanisani Njoro, hai. Halafu akasema jambo ambalo sijaweza kulisahau.

"Kuna hiyo oda yangu ya Jumatatu. Nimekuwa nikiiwaza hapa. Nilisema, hawa watu watatuma mali na hakuna mtu wa kupokea, na sina simu ya kuwaambia wasitume. Mnisamehe."

"Haikutoka," ukamwambia. "Niliishika."

"Asante. Hiyo tu ndiyo ilikuwa inanisumbua kwa upande wenu."

Nilikuwa nimesimama hapo, Anti, nikimsikia mtu aliyepoteza nyumba akiomba msamaha kwa sababu ya programu yangu. Na barua yako ilikuwa droo ya pili, chini ya karatasi za printa.

Tukiwa ndani ya pikapu nilitaka kukwambia. Nikaongea juu ya petroli.

Kesho yake niliiondoa oda ya kudumu, na nikabadilisha programu ili karatasi yoyote isichapwe kabla mtu hajampigia mteja na kubonyeza ndiyo. Baba akauliza nani atapiga hizo simu. Nikamwambia, Anti. Akanitazama, akarudi kwa gazeti lake. Nikaona mambo ya barua yamekwisha. Ile barua sikuichana. Sijui kwa nini. Labda kuichana kungekuwa kukiri kwamba niliiandika.

Mei ukatafuta utepe wa printa ukafungua droo yangu. Nilipoingia ulikuwa na miwani machoni na barua mkononi. Uliikunja palepale ilipokuwa imekunjwa, ukairudisha, ukaniuliza utepe uko wapi. Tukafanya kazi siku nzima. Saa kumi na moja, tukifunga, ndipo ukasema:

"Ni wewe uliandika?"

"Ni mimi."

"Nilijua. Hakuna kosa hata moja." Ulikuwa ukitafuta funguo mkobani. "Rehana, ungeniambia tu. Nilikaa na wewe wiki mbili nikikuambia majina ya vitu vyote. Wewe ukashindwa kuniambia jambo moja."

Ulinipa funguo ukaenda.

Uliendelea kuja hadi Agosti, ukinisalimu vilevile, ukiniachia kikombe changu cha chai kikiwa kimefunikwa na sahani. Kisha ukasema mama yako ameanguka na hana wa kumwangalia. Baba aliniuliza kama ni kweli, nami nikamwambia ni kweli, ingawa sikuwa na hakika, na bado sina. Hukuondoka kwa hasira. Afadhali ungekasirika.

Niwie radhi, Anti. Siombi radhi kwa ajili ya kompyuta. Inafanya kazi vizuri na Baba anataka kuongeza nyingine. Naomba kwa sababu nilijua tangu Desemba, na nikanywa chai yako Januari, Februari, Machi na Aprili.

Na nikupe habari moja. Mwaura hajarudi Kuresoi. Amekodi kibanda Njoro, na juzi alituma oda kwa meseji, namba zote sawasawa. Kabla sijampigia, akapiga yeye. Aliuliza kama upo. Nikamwambia umeenda nyumbani kumwangalia mama. Akauliza kama oda imefika. Nikasema ninayo mbele yangu.

"Basi ni sawa," akasema, lakini hakukata simu.

Nikavuta kiti chako nikaketi, nikamwambia nina nafasi. Akaanza na paa la kibanda, linavuja upande mmoja. Akafika kwa mtoto wake wa pili, ambaye hataki shule mpya. Kiprono alifunga mzigo, akaupakia, akarudi, akanikuta bado ninasikiliza, akatoka akarudishia mlango taratibu.

Nitakuja Mbale Jumamosi ya pili ya Desemba, Mungu akipenda. Ukitaka kunikaripia, nikaripie nikiwa mbele yako. Ukitaka kunyamaza, nitakaa tu na wewe hapo, na mama tutamwotesha jua.

Ni mimi, mtoto wako wa pale stoo,
Rehana