Pweza Ndani ya Andazi

Shikamoo Mama,

Mimi ni mzima, ila jana hapa Japani niliogopa sana. Kwenye tamasha la vyakula, katika bustani ya mabembea, mama mmoja mpishi alinionjesha andazi dogo la moto. Kumbe ndani kuna pweza. Nilishushia na chai yao ya kijani. Mara midomo ikavimba, koo likabana. Nikawaza, nitafia hapa, na huko nyumbani Mugoma hamtajua hata nilikula nini. Nikakuita kwa Kihangaza chetu. Yule mama hakuelewa neno, lakini alinishika mkono akaita watu mpaka daktari akaja na sindano. Hakuniachia hadi nilipopumua vizuri.

Leo naogopa kumeza hata wali. Natamani ndizi zako. Mungu akulinde, Mama, na uniombee.

Mwanao,
Jenista