Madini ya Mlangali

Jumanne, 8 Juni 1993
Nimejichoma sindano ya kisukari, nimekunywa uji usio na sukari, nimefungua cherehani. Upepo wa Makambako unakata masikio. Suruali tatu za mitumba za kupunguza. Siku hizi watu hawashoneshi, wanapunguza kafa-Ulaya. Mteja amenicheka. Nilikuwa nachuna uzi mweusi kwenye shati lake jeupe. Uzi haupo. Uko jichoni mwangu.

Ijumaa, 11 Juni
Njombe, hospitali. Daktari wa macho amenimulika mpaka machozi. Mishipa midogo nyuma ya jicho la kulia imeharibiwa na kisukari. Tena nina upungufu wa madini: magnesiamu, zinki. Sukari ikizidi, mtu huyakojoa. Wagonjwa wengi wa macho kama yangu wako hivyo, lakini daktari hana hakika kama kuyarudisha kunaponya jicho. Nile maharage, mbegu za maboga, mboga za majani. Sindano nisiache hata siku moja, nitapofuka.

Nimemweleza mume wangu Elia ndani ya lori lake. Katika yote hayo amesikia neno moja. Madini. Amecheka mpaka Makambako.

Jumapili, 20 Juni
Wifi Tumaini, dada yake Elia, kaja kutoka Mlangali, kule Ludewa, na kifuko cha udongo mwekundu, mgumu kama jiwe.
"Kamwene, wifi. Ludewa yote ni madini. Chuma kiko chini, makaa yako chini. Wewe unakwenda kuyaomba hospitali?"
Kautwanga kwenye kinu changu cha karanga. Kijiko kimoja kila asubuhi, na maji ya moto. Kasimama mbele yangu mpaka nimeramba kijiko. Elia anatikisa kichwa kama mzee wa kanisa. Nawachukia wote wawili.

Jumatano, 7 Julai
Insulini imekwisha. Elia ndiye huniletea akipita Njombe. Leo kapita, hakuleta. Eti dawa mbili za nini, na daktari mwenyewe kasema madini? Anasema amechoka kuoa sindano. Nimesema nitapanda basi niifuate mwenyewe. Kasema nikienda nisirudi. Wifi kaitikia "amina".
Sikwenda. Mwoga mimi.

Jumamosi, 17 Julai
Kiu. Nakunywa ndoo, naikojoa ndoo. Miguu inawaka moto. Choo hakipatikani, tumbo limejaa udongo. Wifi anasema huo ni ugonjwa unatoka. Atoke yeye.

Jumatatu, 26 Julai
Jicho la kulia limekwenda. Nilikuwa napiga pindo. Kitu kama wino kikamwagika toka juu, kikashuka, giza. Mguu ukaendelea kukanyaga cherehani, nikajishona kidole. Elia kaja mbio, kaona damu ya kidole, kasema najifanya. Kaniziba jicho la kushoto, kaninyooshea vidole. Vingapi? Nikamwambia hata mkono siuoni.
Karudi nyuma hatua moja. Vizuri. Na aogope.

Jumatano, 28 Julai
Njombe tena. Njiani Elia hakuwasha redio. Daktari kauliza nimekula nini. Nimesema yote, mbele ya Elia, na kijiko nikakitaja. Kasema udongo huyafunga hata yale madini yaliyomo kwenye chakula, yakatoka na choo. Kidogo nilichokuwa nacho nimekifukuza mwenyewe. Lakini kilichonimaliza zaidi ni sukari kuachwa ipande. Mishipa imepasuka. Damu huenda ikanywea, huenda isinywee. La kushoto limeanza dalili zile zile.
Elia kauliza kama hayo madini yanauzwa duka la dawa. Daktari kamtazama kama mtu anavyotazama choo kilichoziba. Nimefurahi. Kwa jicho moja nimefurahi.

Jumapili, 1 Agosti
Sikwenda kanisani. Nimeziba la kushoto kwa kiganja, nikangoja. Hakuna kitu. Nimelia mpaka nikatapika. Elia alikuwa uani, alisikia, hakuingia.

Alhamisi, 5 Agosti
Nimejichoma. Maharage na majani ya maboga. Insulini ipo, Elia kaileta jana, kaiweka mezani.
Wifi anarudi Mlangali kesho. Kaleta sketi yake nimpandishie pindo. Hakuomba radhi. Kalia kidogo, sikumbembeleza. Nikamwambia avute stuli akae kulia kwangu. Huko simwoni.
Nimeshona taratibu, uso karibu na kitambaa. Pindo limenyooka.